SHERIA YA MBWA: TUMTAZAME MWENYE MBWA, SI AINA YA MBWA

Kutoka migombani huko juu Rombo mpaka mashamba ya mahindi na alizeti hapa tambarare ya Holili, watu wengi wanafuga mbwa. Mbwa hulinda mbuzi usiku. Huwafukuza ngedere wasimalize mahindi. Hubweka mgeni anapoingia kihambani. Mbwa ni msaada, na tena ni mali.

Lakini mbwa huyo huyo akimwuma mtoto, mambo hubadilika. Watu hukasirika, na wana haki ya kukasirika. Mkutano wa kijiji ukiitwa, hoja mbili husikika. Huyu husema, "Hawa mbwa wakubwa wa mbegu ya kizungu wapigwe marufuku." Yule husema, "Hapana, wabaya ni hawa koko. Wauawe wote." Ukisikiliza vizuri utaona kwamba wote wawili wanasema jambo moja. Kila mmoja anahukumu aina ya mbwa.

Leo tufikiri pamoja. Je, sheria ya kukataza aina fulani ya mbwa itawalinda watoto wetu? Sisi tunasema haitawalinda. Tutaeleza kwa nini. Kisha tutasema ni sheria ya namna gani inayoweza kuwalinda.

WENZETU WALIFANYA NINI

Jambo hili si geni duniani. Nchi nyingine zimekwisha kulijaribu, nasi tunaweza kujifunza kwao bila kulipa gharama waliyolipa wao.

Uingereza ilitunga sheria ya mbwa wa hatari mwaka 1991. Sheria hiyo ilikataza aina 4 za mbwa. Aina inayojulikana zaidi ni ile inayoitwa pitibuli, mbwa mwenye kifua kipana na taya zenye nguvu. Watu walitumaini kwamba wakiondoka mbwa hao, kuumwa kutapungua. Haikuwa hivyo. Katika miaka iliyofuata, watu waliolazwa hospitalini England kwa kuumwa na mbwa waliongezeka. Watu walifuga aina nyingine za mbwa, na mbwa hao nao waliuma.

Kisha ikatokea aina nyingine kubwa, ambayo haikuwamo katika orodha. Mbwa wa aina hiyo waliua watu. Serikali ikaongeza aina ya tano. Kuanzia tarehe 1 Februari 2024, ni kosa katika England na Wales kuwa na mbwa huyo bila kibali maalumu. Tazameni jambo hilo. Baada ya miaka zaidi ya 30, bado walikuwa wanaongeza majina katika orodha.

Wengine walirudi nyuma. Uholanzi ilikataza pitibuli mwaka 1993. Mwaka 2008 iliamua kuifuta sheria hiyo, kwa sababu kuumwa hakukupungua. Italia nayo iliweka orodha ya aina za mbwa mwaka 2003, ikaiondoa mwaka 2009. Badala yake ilimwekea kila mwenye mbwa wajibu juu ya mbwa wake. Huko Marekani, mji wa Denver ulikataza pitibuli mwaka 1989. Mwaka 2020 wananchi wenyewe walipiga kura ya kuondoa marufuku hiyo. Sasa mtu anaweza kumfuga kwa kibali.

KWA NINI SHERIA YA AINA HAISAIDII

Zipo sababu 5.

Ya kwanza: Ni vigumu kujua aina ya mbwa kwa kumtazama. Wataalamu wa Marekani walijaribu jambo hili katika nyumba za kutunzia mbwa waliopotea. Walichukua mbwa 120. Wakawauliza watu wanaofanya kazi na mbwa kila siku wataje aina ya kila mmoja. Mbwa 62 walitajwa na mfanyakazi mmoja au zaidi kuwa ni pitibuli. Damu zilipopimwa, mbwa wenye asili hiyo walikuwa 25 tu. Ikiwa mfanyakazi wa kazi hiyo anakosea hivyo, je, mgambo wa kijiji atafanyaje? Mbwa wetu karibu wote wamechanganyika. Mama ni wa hapa, baba alipita njia. Mbwa mmoja ataitwa wa kizungu na jirani asiyempenda mwenye mbwa. Ataitwa wa kienyeji na rafiki yake. Sheria ya namna hiyo huleta ugomvi.

Ya pili: Tabia ya mbwa haitokani na aina yake tu. Mwaka 2022 wataalamu walitoa matokeo ya uchunguzi mkubwa. Waliuliza habari za mbwa zaidi ya 18,000, na mbwa zaidi ya 2,000 wakapimwa asili yao. Waliona kwamba aina ya mbwa ilieleza kama sehemu 9 tu katika 100 za tofauti za tabia kati ya mbwa na mbwa. Sehemu kubwa hutokana na mambo mengine, kama malezi na maisha anayoishi. Wahenga walisema, "Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo." Mbwa naye ni hivyo hivyo. Mbwa anayepigwa, anayelala na njaa, anayefungwa mnyororo mfupi juani kutwa nzima, huyo atakuwa mkali, awe wa kizungu, awe koko.

Ya tatu: Mwenye kosa anakwepa, asiye na kosa anaumia. Tuseme kijiji kimekataza mbwa wakubwa wa mbegu. Mzee mmoja ana mbwa wa namna hiyo. Amemchanja, amemjengea banda, hajauma mtu. Mzee atanyang'anywa mbwa wake. Kijana mwingine ana mbwa mdogo wa kienyeji. Hamlishi, hamfungi, na ameuma watu wawili. Sheria haimgusi. Je, hiyo ni haki?

Ya nne: Watu huficha mbwa. Hili ni jambo zito. Mtu akiogopa kwamba mbwa wake atauawa kwa sababu ya umbo lake, hatamleta siku ya chanjo. Atamfungia ndani au atampeleka kwa ndugu kijiji cha pili. Kwa hiyo mbwa tunaowaogopa zaidi ndio watakaokosa chanjo.

Ya tano: Kichaa cha mbwa hakichagui aina. Hili tutalieleza zaidi hapa chini, kwa sababu ndilo linaloua watu wetu.

LAKINI MBWA MKUBWA HUUMA ZAIDI

Msomaji atauliza, "Je, mbwa mkubwa si hatari zaidi?" Swali hilo ni zuri. Ni kweli kwamba mbwa mkubwa mwenye taya zenye nguvu akiuma, jeraha ni kubwa kuliko la mbwa mdogo. Hatukatai. Ndiyo maana mwenye mbwa mkubwa anapaswa kuwa na uzio imara na kamba imara. Lakini huo ni wajibu wa mtu, na unaweza kupimwa kwa macho. Uzio upo au haupo. Kamba ipo au haipo. Mjumbe yeyote wa kamati anaweza kwenda kutazama. Hahitaji kubishana na mtu juu ya babu wa mbwa.

KICHAA CHA MBWA

Sasa tutazame adui mwenyewe. Kichaa cha mbwa ni ugonjwa unaoletwa na kirusi. Kirusi hicho hukaa katika mate ya mnyama mgonjwa. Akiuma, huingia katika jeraha, kisha hupanda polepole kwa njia ya mishipa ya fahamu mpaka kwenye ubongo. Mara nyingi safari hiyo huchukua mwezi mmoja hadi mitatu. Wakati mwingine huchukua siku chache tu, au zaidi ya mwaka. Katika muda huo mtu huonekana mzima. Dalili zikianza, kama vile kuogopa maji na kuweweseka, karibu hakuna anayepona.

Duniani, inakadiriwa kuwa watu wapatao 59,000 hufa kila mwaka kwa ugonjwa huu. Karibu wote waliambukizwa na mbwa, na wengi wao ni watu wa vijijini wa Afrika na Asia, wakiwamo watoto wengi. Hapa Tanzania, wataalamu waliwahi kukadiria kwamba watu wapatao 1,500 hufa kwa mwaka. Wengi hufia nyumbani, bila kuandikwa popote.

Mbwa mgonjwa anaweza kuwa mkubwa au mdogo, mweusi au mweupe, wa mzungu au wa mkulima. Hata mbwa mpole aliyezoea watoto, akiumwa na mbwa mgonjwa, naye ataugua na kuuma. Sasa je, orodha ya aina itatusaidia nini?

Sisi watu wa Holili tuna sababu nyingine ya kufikiri. Tunakaa mpakani. Ng'ambo ni Taveta, Kenya. Watu na magari hukaguliwa katika kituo cha mpaka. Lakini mbwa hupita vichakani usiku, na ugonjwa hauonyeshi pasi. Kinga ya kijiji chetu haiwezi kutegemea kizuizi cha barabarani. Lazima iwe ndani ya miili ya mbwa wenyewe.

KUUA MBWA WOTE JE?

Wengine watasema, "Basi, tuwaue koko wote." Jambo hilo nalo limejaribiwa. Katika kisiwa cha Bali, nchi ya Indonesia, kichaa cha mbwa kiliingia mwaka 2008. Mbwa wengi sana waliuawa. Hata hivyo ugonjwa ulienea kisiwa kizima. Kuanzia mwaka 2010 ilifanywa chanjo ya kisiwa kizima, na vifo vya watu vikapungua.

Sababu ni rahisi. Mkulima aliyeuliwa mbwa wake bado ana mbuzi na mahindi ya kulinda. Atatafuta mtoto wa mbwa mwingine, pengine kutoka mbali, na mtoto huyo hajachanjwa. Tena wakati wa kuua, mbwa waliochanjwa huuawa pamoja na wasiochanjwa. Ni kama kubomoa ukuta wako mwenyewe kwa sababu mwizi amepita dirishani.

Mfano mzuri tunao karibu. Ni Pemba. Huko mbwa walichanjwa kwa wingi, na ugonjwa ukatoweka mwaka 2014. Mwaka 2016 ulirudi, kwa sababu mbwa wagonjwa waliletwa kutoka nje ya kisiwa. Watu wa Pemba hawakukata tamaa. Walichanja tena, na kufika mwaka 2018 ugonjwa ulikuwa umekwisha. Vijiji vya kandokando ya Serengeti navyo vilichanja mbwa, na watu walioumwa na mbwa wenye kichaa wakapungua.

Wataalamu wanatuambia tuchanje mbwa 70 katika kila 100. Maana yake, katika kila mbwa 10 wa kitongoji, wasipungue 7. Wakifika hapo, mbwa mgonjwa akiingia kijijini hukuta wengi wana kinga, na ugonjwa hukosa njia. Lakini watoto wa mbwa huzaliwa kila mwaka. Kwa hiyo chanjo irudiwe kila mwaka, na watoto wa mbwa nao wapelekwe. Usiseme, "Huyu bado mdogo."

SHERIA NDOGO INAYOFAA

Kwa Sheria Na. 7 ya mwaka 1982, kijiji kina uwezo wa kutunga sheria ndogo zake. Halmashauri ya Kijiji huandaa mapendekezo. Huitisha mkutano wa kijiji ili wananchi watoe maoni. Kisha mapendekezo hupelekwa kwenye Halmashauri ya Wilaya. Yakikubaliwa huko, ndipo yanakuwa sheria. Kabla ya hapo hayana nguvu. Kwa hiyo neno lako mkutanoni lina uzito.

Sisi tunashauri mambo haya yazungumzwe:

1. Kila mbwa awe na mtu anayejulikana kuwa ni mwenyewe, na aandikwe katika daftari la kitongoji.

2. Kila mbwa achanjwe kila mwaka, na mwenyewe atunze cheti cha chanjo.

3. Mchana mbwa afungwe au akae ndani ya uzio, mahali penye kivuli na maji. Kamba iwe ndefu ya kutosha. Usiku afunguliwe ndani ya ua.

4. Mbwa akiuma mtu, mwenyewe atoe taarifa siku hiyo hiyo, na asaidie gharama za matibabu.

5. Mbwa anayeuma watu bila kuchokozwa achunguzwe yeye, kwa jina lake na makosa yake. Ofisa mifugo ashauri la kufanya.

6. Ni kosa kutupa watoto wa mbwa barabarani au sokoni. Hao ndio wanaokuwa koko wa kesho.

7. Mbwa asiteswe. Nchi yetu inayo Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008, nayo inakataza ukatili kwa wanyama.

Tazameni tena orodha hiyo. Hakuna mahali tulipotaja aina ya mbwa. Kila jambo linamhusu mtu anayeshika kamba.

DAFTARI LA MBWA

Kazi hii inawahitaji ninyi mliohitimu kisomo. Daftari la kawaida la shule linatosha. Piga mistari, andika hivi:

Jina la mwenye mbwa.
Jina la mbwa na rangi yake.
Dume au jike.
Tarehe ya kuzaliwa, kama inajulikana.
Tarehe ya chanjo.
Ameuma mtu? Lini?

Mtu mmoja akizunguka kitongoji chake kwa siku mbili au tatu, anaweza kuwaandika mbwa wote. Daftari hilo akipewa ofisa mifugo, atajua alete dozi ngapi za chanjo. Na mbwa akiuma mtu, daktari ataweza kuuliza, "Alichanjwa lini?" Naye atapata jibu la maandishi badala ya maneno ya kubahatisha.

UKIUMWA NA MBWA

Fanya hivi, bila kuchelewa:

Osha jeraha kwa sabuni na maji mengi yanayotiririka kwa muda wa dakika 15. Usione ni kazi ndogo. Maji na sabuni huondoa virusi vingi.

Usipake mafuta, majivu, tope wala dawa ya majani. Usifunge jeraha kwa kulikaza.

Nenda kituo cha afya au hospitali siku hiyo hiyo, hata kama jeraha ni mkwaruzo tu. Eleza kwamba umeumwa na mbwa. Utaambiwa kama unahitaji sindano za kinga, na tarehe za kurudi. Ziandike, wala usiruke hata moja. Sindano hizo zina gharama kubwa kuliko kumchanja mbwa, lakini huokoa maisha zikianza mapema.

Kama mbwa anajulikana, na anaweza kufungwa bila hatari, asiuawe haraka. Afungwe na kutazamwa kwa siku 10. Akibaki mzima baada ya siku hizo, hakuwa na virusi katika mate yake siku alipouma. Lakini usingoje siku 10 ndipo uende hospitali. Nenda kwanza.

Chanjo ya kwanza ya ugonjwa huu ilitumiwa na Louis Pasteur huko Ufaransa mwaka 1885, kwa mtoto wa miaka 9 aliyeumwa na mbwa. Mtoto huyo alipona. Pasteur alifariki tarehe 28 Septemba 1895. Tarehe hiyo sasa ni Siku ya Kichaa cha Mbwa Duniani. Ikikaribia, mwulizeni ofisa mifugo wenu kama kuna chanjo iliyopangwa.

TUWAFUNDISHE WATOTO

Watoto ndio wanaoumwa zaidi. Tuwaambie: Usimguse mbwa anayekula, anayelala au anayenyonyesha. Usimtupie mawe mbwa aliyefungwa. Mbwa akikujia, usikimbie. Simama wima kama mgomba, mikono chini, usimkazie macho. Akiondoka, rudi nyuma polepole. Ukiumwa au ukikwaruzwa, sema nyumbani mara moja. Na sisi wazazi tusiwapige kwa kusema. Mtoto anayeogopa fimbo ataficha jeraha, na jeraha lililofichwa linaweza kumwua.

Ndugu wasomaji, hasira baada ya mtoto kuumwa ni ya haki. Lakini hasira ikielekezwa mahali pabaya, mtoto wa pili ataumwa. Mkutano ujao wa kijiji, mtu akisimama kusema "Tukataze aina hii," muulizeni kwa heshima: "Ndugu, mbwa wako amechanjwa lini? Na mchana anakaa wapi?" Hapo ndipo mazungumzo yaanzie.

MASWALI YA KUZUNGUMZA KATIKA KIKUNDI

1. Kwa nini Uholanzi iliifuta sheria yake?
2. Katika kitongoji chenu kuna mbwa wangapi? Wangapi wamechanjwa? Je, wanafika 7 katika kila 10?
3. Mbwa wa jirani akimwuma mtoto wako, utafanya nini kwanza?
4. Katika mambo 7 tuliyoshauri, lipi ni gumu kutekeleza kijijini kwenu? Kwa nini?
5. Nani katika kikundi chenu anaweza kuanza daftari la mbwa wiki hii?

MANENO MAGUMU

Chanjo: dawa inayoupa mwili kinga kabla ugonjwa haujaingia.
Kirusi: kijidudu kidogo sana kisichoonekana kwa macho, kinacholeta ugonjwa.
Marufuku: jambo lililokatazwa.
Sheria ndogo: sheria inayotungwa na kijiji au wilaya kwa ajili ya eneo lake.
Uzio: boma au ua unaozunguka nyumba.